Siku Baba Mdogo Aliponitembeza Mji

Nyanzala alinipigia simu nikiwa na pini mdomoni. Ilikuwa asubuhi, dukani kwangu Katoro, mteja amesimama mbele ya kioo anajaribu gauni la harusi ya mdogo wake, na nje bodaboda wanapigiana honi kama kawaida yao, maana mji huu hata mgonjwa haumpumzishi. Nikaibana simu kwa bega. Nyanzala hakulia. Alisema, "Dada Doto, baba ametutoka alfajiri," kisha akasubiri nami niseme yale yanayosemwa. Nilitema pini kiganjani, nikampa pole, nikamwambia nakuja. Mteja akaniuliza kama ni mtu wa karibu. Nikamjibu ni mume wa mama yangu mdogo, wa Shinyanga. Akasema pole mama, akageuka kutazama mgongo wake kwenye kioo, nami nikaendelea kumbana kiunoni, kwa sababu mwenye harusi ya Jumamosi hana kosa lolote na msiba wangu.

Jioni nililivuta sanduku la bati lililoko chini ya kitanda, nikatoa doti ya kanga ambayo haijawahi kukatwa. Kanga huuzwa vipande viwili vilivyoshikana, na mwanamke akifika nyumbani huikata katikati na kuipinda, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Hii yangu imehama nami nyumba zote nilizoishi, imenusurika panya na mvua, na wanangu kila mmoja kwa wakati wake ameniuliza inakuwaje fundi mzima wa nguo, mwenye mikasi mezani, akae na kanga isiyokatwa miaka yote hiyo. Huwa nawaambia waniache. Sasa nitasema, maana aliyeinunua amekufa. Na siwezi kuisema kanga bila kuisema siku ile Baba Mdogo aliponitembeza mji wa Shinyanga, kutwa nzima, ili nisijue kwamba nyumbani kwetu Kharumwa walikuwa wanamzika pacha wangu.

Jina langu linajieleza kwa yeyote wa huku kwetu. Ukimsikia mtu anaitwa Doto, ujue kuna Kulwa aliyemtangulia kutoka tumboni. Tulikuwa wasichana wawili, sura moja, hadi mwalimu wa darasa la tatu alimwamuru Kulwa avae uzi mwekundu mkononi, na sisi tukawa tunaubadilishana kila tukijisikia. Bibi, mama yake baba, alikuwa na sheria zake juu ya mapacha na hakuna aliyethubutu kuzipinga. Pacha hapewi kitu kimoja. Ukimpa mmoja ndizi, mpe na ya mwenzie, hata kama mwenzie hayupo, hata kama ni ndizi ya kwenda kuomba kwa jirani. Nilikua nikijua kwamba kila kitu duniani kinakuja viwili. Mtu akinipa kimoja nilibaki nimenyoosha mkono, na wala sikuona aibu, nilidhani kasahau.

Mwaka tulipomaliza darasa la saba tulitenganishwa kwa mara ya kwanza. Mama Mdogo, mdogo wake mama, alikuwa anaishi Shinyanga mjini katika kota za reli, akaomba apewe mmoja wetu amsaidie nyumbani, naye atamfundisha cherehani. Bibi akasema aende Doto, kwa sababu Kulwa alikuwa na mikono yenye nguvu, na wakati ule wanawake wa kwetu walikwisha kuanza kwenda machimboni kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Hivyo Kulwa akabaki na nyundo, mimi nikaenda kwenye sindano. Tulipoagana stendi hatukulia. Alinipa uzi mwekundu, akasema nisiutumie kudanganya walimu wa mjini. Nilimcheka, nikamwambia kule siendi shule.

Kota ile ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Treni ikipita, vikombe vilitetemeka kabatini, na Mama Mdogo alizoea kuweka kiganja kwenye mlango wa kabati, bila kukatisha maneno yake, mpaka behewa la mwisho lipite. Cherehani ilikaa chini ya dirisha. Usiku nililala na Nyanzala, mtoto wao, wakati huo hata hajaanza shule, na alikuwa anapiga mateke usingizini kama punda. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, imechemshwa na karanga, kwa chai ya rangi. Mchana ugali na mlenda na dagaa. Jumapili wali, na siku ya wali Mama Mdogo aliwaalika majirani wawili watatu ili wajue. Mimi nilikuwa nabakiza kidogo cha kila kitu kinachoweza kusafiri. Karanga, kashata, kipande cha sabuni ya kunukia. Nikishapata furushi nilimpelekea kondakta wa basi la kwetu, naye alifikisha kwa Kulwa. Yeye naye alinirudishia vitu vyake: mbegu za maboga, na mara moja jiwe dogo lenye mng'aro ambalo Baba Mdogo aliligeuzageuza akasema si dhahabu, nikasema najua, Kulwa naye anajua.

Baba Mdogo alikuwa mwanaume mrefu, mkimya, mwenye kofia ya reli na nguo za kaki zilizopauka mabegani. Kazi yake ilikuwa kushika bendera na taa, kuruhusu treni ipite au isimame. Aliniita ng'wanone, yaani mwanangu, kwa Kisukuma cha kwao Maswa, na sikumbuki kama alizidisha maneno mengine kumi kwa siku. Nilimpenda. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele mtasikia mengine. Nilimpenda, na tangu nifike nilikuwa namwomba kitu kimoja tu, anitembeze mji, maana mji wenyewe nilioujua mimi ulikuwa kota, bomba la maji na kanisa. Kila nikimwomba alisema mji haukimbii, ng'wanone. Hata Mama Mdogo alikuwa anatutania, anasema huyu mume wangu atakutembeza siku treni zitakapoota mabawa.

Siku yenyewe ilikuwa katika msimu wa kuuza pamba. Niliamshwa na sauti barazani kabla jua halijatoka. Mwanaume nisiyemjua alikuwa anaongea, na nilichoshika ni neno moja tu, asije, asije kabisa, kisha nikamsikia Mama Mdogo anakohoa, kikohozi kisichokwisha. Nilipotoka, lori lilikuwa limesimama barabarani na yeye anapanda mbele akiwa amejitanda kanga mpaka usoni. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama, akasema anakwenda kumwona mgonjwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikauliza, akasema moshi. Jiko lilikuwa bado halijawashwa, na hilo nililiona, lakini mtoto huona jambo akaliweka pembeni. Halafu Baba Mdogo akatoka chumbani amevaa shati lake jeupe la Pasaka. Akasema leo hakuna cherehani, Nyanzala atakaa kwa jirani, mimi na yeye tunakwenda kuuona mji. Niliruka. Mnasikia? Niliruka pale barazani na kupiga makofi.

Yaliyosemwa alfajiri ile niliyajua baadaye. Jana yake jioni ukingo wa duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, uliporomoka ukawafunika wanawake waliokuwa wanaokota mawe chini yake. Wawili walitolewa wazima. Kulwa alitolewa amekufa. Bibi akatuma neno kwa dereva wa lori la pamba: Doto asije, asione maiti, asione kaburi, asilie. Pacha akimlilia mwenzie, alisema, yule wa ardhini atageuka amwite, na huyu atamfuata. Asiambiwe mpaka Kulwa awe ameshazikwa. Na kwa kuwa watu wa kwetu ni wengi Shinyanga na wangekuja kota kutoa pole, basi mtoto aondolewe nyumbani tangu asubuhi, atembezwe, achoshwe, arudishwe jioni. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Baba Mdogo. Hakuiomba.

Alinipakia nyuma ya baiskeli, kapu la ukindu mkononi mwangu, na mahali pa kwanza aliponipeleka ni stendi ya mabasi. Nilishangaa, maana stendi nilikuwa naijua, ndiko nilikoshukia. Basi la kwetu lilikuwa linapakia. Kondakta wangu alikuwa juu ya keria anafunga magunia, akaniona, akaacha kufunga. Nikampungia mkono. Hakunipungia. Baba Mdogo aliegemeza baiskeli ukutani, akanishika kiwiko, tukasogea hadi mlangoni kabisa pa basi, tukasimama pale huku watu wanatupita kupanda. Nilidhani ananionyesha jinsi stendi inavyofanya kazi. Akaniuliza, "Doto, ukimwona bibi yako amekasirika, huwa unafanya nini?" Nikamwambia huwa tunakimbilia kwa mama, mimi na Kulwa, tunasubiri apoe. Akatikisa kichwa. Dereva akapiga honi, kondakta akashuka kufunga mlango, akamtazama Baba Mdogo usoni kwa muda, kama anayemuuliza kitu, na Baba Mdogo akarudi hatua nyuma akanivuta nami. Basi likaondoka. Nakumbuka vumbi lake, na nakumbuka kwamba nilianza kukohoa na yeye akanifuta uso kwa kitambaa chake kisafi, taratibu, hadi nikaona haya mbele ya watu.

Kutoka hapo tulikwenda stesheni, ambako alikuwa na mamlaka. Akaniingiza kwenye behewa la daraja la kwanza lililosimama tupu kwenye njia ya pembeni, nikakaa kwenye kiti cha ngozi, nikalala kwenye kitanda cha juu, nikafungua na kufunga sinki dogo la kunawia. Nikamwambia siku moja mimi na Kulwa tutapanda hili mpaka Dar es Salaam, mmoja kitanda cha juu, mmoja cha chini. Akasema sawa. Wenzake wawili walipita dirishani, wakavua kofia, mmoja akaanza kusema pole, kaka, tumesikia, na Baba Mdogo akamkatiza kwa mkono, akasema baadaye, baadaye. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema ya kuamka mapema. Niliridhika. Ukiniuliza leo kwa nini niliridhika nitakwambia kwamba nilikuwa na furaha, na mwenye furaha hana maswali mengi. Mpaka sasa ndicho kinachoniuma kuliko vyote, ile furaha. Ilikuwa kubwa na ya kweli, na nimeishi nayo kama mtu anayeishi na mfupa kooni.

Kwenye hoteli moja karibu na soko aliagiza supu ya utumbo na chapati. Mimi nilikula, yeye alikuwa anaizungusha chapati yake mezani. Nilipomaliza nikabaki nimemtazama, naye akakumbuka, akamwita mhudumu, akaagiza chapati mbili nyingine za kufungwa kwenye gazeti. Za Kulwa. Nikazitia kwenye kapu. Basi kutwa ile ikawa hivyo. Alinunua bangili ya plastiki ya bluu, akanunua na ya pili. Kashata, na ya pili. Kitana, na cha pili. Hakukataa hata mara moja, hakusema ngoja tutakuja kuchukua siku nyingine, na baada ya muda akanipokea kapu, akasema ni zito, akalibeba yeye mwenyewe. Nimelea watoto wanne na kuwazika watu wengi, na bado sijui mtu anapata wapi nguvu ya kubeba kapu la vitu vya marehemu mjini kutwa nzima huku anamwambia mwenye marehemu habari za bei ya kabichi.

Kanga niliichagua mwenyewe, sokoni, kwa mama mmoja mnene aliyekuwa ameketi juu ya marobota yake na kuzionyesha kwa fimbo. Ilikuwa na maua ya korosho, rangi ya machungwa na nyeusi, na maandishi yanayosema wawili wakipendana adui hana nafasi. Nikasema hiyo hiyo. Yule mama akachukua mkasi ili anikatie, kwa kuwa aliona mimi ni mtoto. Nikamzuia. Nikamwambia aiache nzima, nitaikata nyumbani na pacha wangu, yeye atashika upande mmoja mimi upande mwingine, halafu kila mtu ajifunge chake. Yule mama akacheka, akamwambia Baba Mdogo ana bahati ya kuwa na mapacha, Mungu amkuzie. Baba Mdogo akasema amina. Akasema na kugeuka, akawa anatazama duka la majembe na mapanga lililokuwa upande wa pili, akalitazama muda mrefu kama mtu mwenye shamba.

Tulipita jineri, pale pamba inapotolewa mbegu, tukasimama langoni kutazama malori yamejipanga na nyuzi nyeupe zinaruka hadi kwenye nywele za watu. Nilitamani kuingia, mlinzi akatukatalia. Tukaingia kwa mpiga picha. Huyu alikuwa na pazia lililochorwa ndege, na mbele yake benchi fupi. Nilikaa upande mmoja wa benchi, kwa mazoea tu, na mpiga picha akawa anahangaika kunisogeza katikati, nami nikawa narudi bila kujua. Nikasema zisafishwe mbili. Nikamwambia Baba Mdogo kwa kicheko kwamba nikimpelekea Kulwa ya pili atadhani ni yeye amepigwa picha akiwa amelala. Baba Mdogo akatoka nje. Nilipomfuata alikuwa ameinama kwenye baiskeli anahangaika na mnyororo usio na tatizo. Ile picha ya pili ilifika Kharumwa miezi kadhaa baadaye, na kwa kuwa Kulwa hakuacha picha hata moja, mama aliitundika ukutani sebuleni. Mgeni akimuuliza ni nani, mama alisema ni Kulwa. Nimekaa mara nyingi chini ya picha yangu mwenyewe nikisikia mama yangu anawaeleza watu jinsi nilivyokufa.

Mahali pa mwisho palikuwa Ibadakuli, uwanja wa ndege, nje ya mji. Tulifika jua limeanza kushuka. Ndege haikuwepo siku hiyo, kulikuwa na mbuzi tu, na mlinzi mmoja aliyelala kwenye kivuli cha kibanda. Nikasema hata kama haipo, nitamwambia Kulwa nimeuona uwanja. Tukakaa pembeni ya seng'enge, nikala kashata yangu. Katikati ya maneno yangu Baba Mdogo akatazama saa, akasimama, akavua kofia akaishika kifuani, akageukia upande wa kaskazini magharibi. Nikatazama huko nikitafuta ndege. Hakukuwa na kitu. Nikamuuliza, "Inakuja?" Akasema, "Imeshapita, ng'wanone." Alisimama vile kwa muda ambao sala huchukua, kisha akavaa kofia. Wakati huo ndipo walipokuwa wanafukia. Mimi nilikuwa nalamba sukari vidoleni.

Aliniambia jioni ileile. Alipika mwenyewe, ugali wenye madonge, na mimi nikamcheka, kwa sababu mwanaume wa kwetu aliyeshika mwiko ni kichekesho tosha. Baada ya kula nilitandaza vitu vya Kulwa mkekani: chapati, bangili, kitana, kashata, na kanga juu yake. Nikamuuliza kondakta atapita lini. Akakaa chini mkekani, yeye mtu mzima, miguu yake mirefu haijui ielekee wapi. Akasema, "Doto, hivi havitapelekwa na kondakta." Halafu akaniambia, bila kuzungusha, duara, kifusi, kuzikwa. Kisha akasema, "Wamesema usilie. Ukilia utamfuata. Nakuomba, mwanangu, usilie." Na yeye ndiye aliyekuwa analia, machozi yanadondoka kwenye shati la Pasaka. Mimi sikulia. Nilikusanya vile vitu kimoja kimoja nikavirudisha kwenye kapu. Nikamuuliza kama kondakta alikuwa anajua. Akasema alijua. Nikamuuliza kama watu wa stesheni walikuwa wanajua. Akasema walijua. Mji mzima alionitembeza ulikuwa unajua, isipokuwa mimi na yule mama wa kanga.

Sikulia mwezi ule, wala mwaka ule. Nilirudishwa Kharumwa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, na bibi akanipokea njiani akinipapasa mabega, anafurahi kwamba nipo mzima, na kaburi hakunionyesha. Nilionyeshwa baada ya yeye mwenyewe kufa. Lilikuwa limeota nyasi, pembeni ya mkonge, na hata mama hakuwa na hakika kama ni hilo au ni lile la mtoto wa shangazi lililo karibu yake. Bibi sina la kumlaumu sana. Aliogopa kuzika wawili, na kwa akili yake aliniokoa, na ukitazama, kweli sikufa. Hasira yangu yote ilimwangukia Baba Mdogo. Shikamoo nilimpa, kwa sababu mtu mzima hanyimwi shikamoo, lakini neno la pili sikumpa. Harusi yangu alikuja, akakaa viti vya nyuma. Nilipohamia Katoro na kufungua duka, alikuja mara moja, amekwisha kustaafu, na kitambaa cha suruali mkononi. Nilimpima kiuno kilichokuwa kimekonda. Wakati nimepiga magoti napima urefu wa mguu, akasema kutoka juu, "Siku ile nilikupeleka stendi ili tupande. Nilisimama mlangoni. Nilimwogopa bibi yako, na niliogopa usije ukanifia mkononi." Niliandika kipimo. Nikamwambia suruali itakuwa tayari Ijumaa. Sijutii jibu lile, nilikuwa sina jingine. Ijumaa alimtuma mtu akaichukua.

Kwa hiyo nilikwenda msibani na kanga yangu kwenye mkoba. Siku hizi ni lami tangu Katoro hadi Ushirombo hadi Kahama, unalala usingizi unaamka Shinyanga. Kota za reli bado zipo, ila kuta zimechubuka, na majirani niliokuwa nawajua wamebaki majina tu. Mama Mdogo alitangulia kufa miaka mingi nyuma. Sebuleni walikuwa wamehamisha kila kitu isipokuwa kabati la vikombe na cherehani. Wanawake wa jumuiya walikuwa wanapepeta mchele uani na kusimulia mambo ya marehemu, kwamba alikuwa mpole, kwamba hakuwahi kugombana na mtu, kwamba alikuwa na kawaida ya kwenda stendi asubuhi, mzee mzima, akisimama tu kutazama mabasi ya kwenda Kharumwa yakiondoka, halafu anarudi nyumbani. Mmoja akasema uzee huleta mambo. Niliendelea kuchambua mchele. Jiwe dogo lilikuwa limejificha kwenye pishi langu, nikalitafuta hadi nikalipata.

Ilipofika saa ya kuaga mwili, nilimwambia Nyanzala anipe mkasi. Hakuniuliza wa nini. Alikwenda kwenye cherehani ya mama yake, bado iko chini ya dirisha, akaja nao. Nikaifungua ile doti, rangi yake bado imekaa, nikamwambia ashike upande mmoja. Alishika. Nimekata vitambaa maisha yangu yote na mkono wangu haujawahi kupinda mstari, lakini siku hiyo nilikata vibaya, mtu yeyote angeona. Kipande kimoja nikajifunga kiunoni. Cha pili nikakikunja kidogo, nikasogea kwenye jeneza na kukiweka chini ya mkono wake wa kulia, ule uliobeba kapu. Mzee mmoja wa ukoo akasema hapana, vitu vya walio hai haviendi na maiti. Nyanzala akamwambia, "Mzee, mwache."

Nikainama. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama ninavyomwagiza mtu anayesafiri, "Baba Mdogo, hiki ni cha Kulwa. Mfikishie. Mwambie tulifika mpaka mlangoni pa basi."

Halafu nikalia. Nililia mpaka nikakaa chini kwenye sakafu ile ile tuliyotandika mkeka, nikalitaja jina la pacha wangu ambalo sikuwahi kulitaja kwa kilio. Wale wanawake walidhani namlilia mzee, wakanishika mabega, wengine wakaanza kulia na mimi. Treni ikapita, vikombe vikatetemeka kabatini, na hakuna aliyeweka kiganja kuvizuia. Nami hakuna aliyeniambia ninyamaze.